Ombi la Kuongezewa Makosa kwenye Barua ya Utambulisho

Kwa Mzee Rehani,
Mwenyekiti wa Kitongoji,
Mlali.

Shikamoo Mzee.

Mimi ni Regina, binti wa Alois mkulima wa kabichi. Kabla ya lolote, nakiri jambo ambalo sijamwambia mtu. Ile bahasha uliyonipa ulikuwa umeifunga kwa gundi, nami niliifungua kwa mvuke wa birika la chai. Nikaisoma barua yote, halafu nikaifunga tena kwa uji. Naomba radhi. Ila kwa kuwa nimeshaisoma, nina malalamiko.

Unajua nimemaliza kidato cha nne, na Jumatatu naanza mafunzo ya kushona hapa mjini. Nimefikia kwa shangazi Winfrida, Mwembesongo. Nalala kwenye kochi, na Jumapili mama mkwe wake anakuja, kochi ni lake. Baba amesema nisipopata chumba mpaka siku hiyo, nirudi nyumbani kulima, mafunzo yaishie hapo. Dalali wangu, kaka Mikidadi, anasema kila chumba kinagombewa na watu wanane au tisa, na wenye nyumba wanaisoma barua ya mwenyekiti kuliko wanavyomtazama mtu mwenyewe. Nilifurahi, maana mimi nikiulizwa swali nakauka. Nikajua barua itanisemea. Imenisemea hivi:

1. Umeandika kwamba mimi "ni msafi kupita kawaida." Mzee Abdulatif, mwenye nyumba ya kwanza, alipofika hapo alivua miwani. Kwake bili ya maji hugawanywa sawa kwa vyumba vyote, na wapangaji waliokuwa wakifua uani waligeuka wote. Mmoja akasema, "Huyu atatumalizia tangi." Chumba akapewa kijana aliyekuja na shati la juzi.

2. Umeandika, "Hatoki ovyo, muda wote yuko ndani." Nyumba ya pili LUKU ya umeme ni moja kwa wote. Bi Sabra akauliza huko ndani huwa nakaa gizani au nawasha taa. Nilikuwa nataka kumweleza habari ya mwanga wa dirishani, lakini kabla sijaanza alikuwa ameshaita mwingine.

3. "Ndugu zake ni wengi, wanapendana sana, na kila wiki wanashusha mboga sokoni huko mjini." Mzee wangu, hapa umenimaliza. Bi Zuleha alihesabu kwa vidole: ni wengi, wanapendana, na wanashusha mboga sokoni kila wiki. Akamwambia dalali, "Wewe Mikidadi, umeniletea mpangaji au umeniletea lori la kabichi?" Kinachouma ni kwamba hajakosea. Baba mdogo Gervas ameshaulizia kama chumba kitakuwa na nafasi ya matenga.

4. "Hajawahi kugombana na mtu." Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Mzee Dadi alisema mtu akifika miaka kumi na minane bila kugombana, ugomvi wote bado anao, na yeye hataki utolewe kwenye nyumba yake.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, uniandikie barua nyingine yenye makosa. Nimechagua yasiyoweza kukusumbua dhamiri. Kwanza, sema naoga kwa nusu ndoo. Kisha sema mimi na ndugu zangu tumenuniana. Baba mdogo amekubali, mradi iwe kwenye karatasi tu. Kuhusu ugomvi, andika kwamba nilimpiga Esther wa mashine ya kusaga pale bombani. Esther ameridhia, ila anataka iandikwe kwamba na yeye alinipiga.

La mwisho ni zito, lakini nimelifikiria siku mbili. Kila mwenye nyumba huuliza nilikuwa nimepanga wapi, na mimi sijapanga popote. Naomba uandike kwamba nilipanga kwako na ukanifukuza. Mtu aliyefukuzwa, angalau amewahi kupanga. Sababu ya kunifukuza nakuachia mwenyewe kwa kuwa una uzoefu na watu. Ukiona kelele inafaa, andika kelele. Nimeshaanza kuzifanyia mazoezi bafuni kwa shangazi, japo amenigongea kuuliza kama naumwa.

Tafadhali gonga mhuri uonekane, uipe gari la mboga la Jumamosi asubuhi.

Nisalimie mama Maria, Oscar na mguu wake, wanakwaya wote, na jirani yetu yule asiyeitikia salamu, naye msalimie.

Binti yako mtiifu (neno hili lisiingie kwenye barua),
Regina Alois

Nyongeza: Mzee, usiandike tena. Kabla sijatuma hii, Bi Hidaya wa nyumba ya tano amenipa chumba. Aliisoma barua mara mbili, akaniuliza, "Yote haya ni wewe?" Nikasema ndiyo. Akaniambia yeye alipokuja mjini mwenyekiti wa kwao alimwandikia mistari miwili, na mmoja ulikuwa tarehe. Sasa barua ameiweka kabatini, ndio utaratibu wake. Basi naomba nakala, ileile, neno kwa neno, pamoja na ule usafi na ndugu wanaopendana. Hii nataka kukaa nayo mwenyewe, maana sijawahi kuandikwa hivi na mtu. Ombi hili nakusihi libaki kwako, hata baba asilijue.