Mto Niliousogeza

Jumatatu, 3 Juni

Nimewaficha wote, na kwa hali ya mapafu yangu sina muda mrefu wa kuficha: mto katika ramani mpya ya shule haukukosewa. Nimeusogeza mimi. Makusudi.

Sababu ni Rula, mchoraji mwenzangu. Tumechora ramani katika chumba kimoja tangu ujana, yeye nusu ya mashariki, mimi ya magharibi. Nusu zilipokutana mezani, mmoja alishika ukingo, mwingine akasema sogea, basi. Kisha tukagombana hadi saa ya chai. Sasa ofisi imefungwa. Kila mtu anachora kwake, nusu zinakutana ndani ya kompyuta, na Rula amekuwa uso mdogo kwenye kona ya skrini. Sijaona miguu yake tangu mwaka jana. Huenda hana.

Hila yenyewe: mto utoke kwangu chini kidogo ya pale anapoupokea. Lazima aje tugombane.

Jumanne, 4 Juni

Hakuja. Amesogeza wake kimya kimya ukafuata wangu! Ameandika: imepokelewa, asante. Asante! Mtu aliyewahi kunirushia kifutio kwa sababu ya kisiwa!

Nimeusogeza tena. Sasa unakatiza uwanja wa ndege.

Jumatano, 5 Juni

Rula amechora daraja ili ndege zivuke.

Mkutano wa kompyuta. Nilimsema Rula vizuri sana, kwa ufasaha, kwa mifano, nikamaliza nikihema. Mkuu wetu, kijana mpole, akaniomba niwashe sauti. Kurudia nisingeweza, pumzi zilikwisha. Ofisini hakuna aliyewahi kunizima sauti, ingawa wengi walitamani.

Halafu mkuu akatangaza kwamba ramani inakwenda kiwandani Ijumaa mchana. Kuchapishwa! Watoto wa watu watafundishwa upuuzi wangu. Binti yangu, anayeniuguza, akauliza mbona nimebadilika rangi. Nikasema ni dawa.

Nimeupandisha mto mlimani. Hadi kileleni. Hili hata Rula hatalimeza.

Alhamisi, 6 Juni

Mlango uligongwa sijanawa uso. Binti akaja kusema kuna mzee mwenye hasira na ramani kwapani.

Ana miguu!

"Mto unapanda mlima, wewe mzee?" Hata salamu hakutoa. "Umechanganyikiwa?"

Nikamwambia yeye ndiye aliyeanza, na daraja lake la kijinga. Akasema alidhani akili imeanza kunitoka, akaona anisitiri mbele ya mkuu. Kunisitiri! Mimi! Nilikasirika hadi nikaketi bila kushikwa, jambo ambalo binti hajaliona tangu nianze kuugua.

Tukatandaza ramani juu ya blanketi. Akashika ukingo, nikasema sogea, mto ukarudi bondeni. Muda wa kunywa kikombe cha chai, kwisha. Tukabaki kubishana kuhusu kinamasi, kisha kuhusu nani alivunja kiti cha ofisini. Ni yeye. Akala chakula changu cha mgonjwa chote huku akilalamika hakina chumvi. Nilicheka hadi binti akaleta mashine ya kupumulia na kumkemea Rula, mzee mzima, kana kwamba ni mtoto.

Akiwa mlangoni aligeuka. Kumbe amenishtukia.

"Ukinitaka, niite," akasema. "Sema njoo, nitakuja. Usinipindishie mito."

Ijumaa, 7 Juni

Asubuhi nimeshika simu. Neno lenyewe fupi, hata mapafu yangu yanaliweza. Ikaita. Alipoitikia nikamuuliza ni saa ngapi. Akanijibu. Nikakata.

Ramani inaondoka mchana. Nimeifungua tena. Reli sasa inaingia ziwani, na kituo cha pili kiko chini ya maji.

Binti anauliza kinachonichekesha. Nimemwambia ni kazi.

Siyo kazi. Reli ikizama Rula atakuja, hilo nina hakika nalo. Nikimwita mimi tu, mgonjwa asiye na kosa la kusahihishwa, naogopa hatakuja.