Chapa Chini ya Behewa la Kijani

Jumatatu, 3 Februari

Joto. Hata nzi wa Garissa leo wanatembea kwa miguu. Nimeendesha treni kuzunguka kitanda mara nane. Mara ya tisa Sirad akaamka.

Sirad ni mke wangu, mwaka wa arobaini na tatu huu. Anasema mzee mwenye mvi kuchezea mabati ni aibu kwa ukoo. Nikamwambia kuchezea ni kwa watoto, mimi nakusanya. Akauliza tofauti ni ipi. Nikasema mtoto akiitwa kula huacha.

Niandike mali yangu hapa, nikifa watu wasibishane. Kichwa kimoja cha garimoshi, cheusi, cha bati, cha kutia ufunguo kama saa ya mezani. Kilitengenezwa Ulaya kabla baba yangu hajaoa. Nilikipata nilipokuwa mlinzi wa stesheni kule Kenya (sisi ukivuka daraja la Tana tunasema umeenda Kenya). Mabehewa matatu: mawili ya kahawia, moja la kijani. Hayo yalitoka Soko Mugdi, yamezama ndani ya marobota ya mitumba, kila la kahawia kwa mbuzi mmoja. La kijani kwa mbuzi wawili, ingawa gurudumu lake la nyuma linachechemea. Yote ya zamani, yameungwa kwa risasi ya kulehemu. Sirad anawakumbuka mbuzi wote wanne kwa majina.

Jioni amekuja Mwalimu Fosia, mkuu wa shule iliyo nyuma ya msikiti. Ameniita adeer, yaani baba mdogo. Nikajua anataka kitu. Darasa la nne wanasoma habari za usafiri, na hakuna mtoto hata mmoja aliyewahi kuona treni. Reli ya kweli tunaahidiwa tangu nina meno yote, na sasa nina manane. Je, nitaleta treni yangu Jumamosi, siku ya wazazi? Nikakubali kabla hajamaliza. Lakini akasema picha ya kitabuni ina mabehewa matatu, na watoto wameyahesabu. Yawe matatu. Mzee Dubow naye ameomba nafasi hiyo, ila yeye ana mawili tu.

Dubow. Jirani yangu. Ndevu za hina, rangi ya karoti. Alikuwa akichanja ng'ombe wa serikali, siku hizi anajiita afisa mstaafu. Alianza kukusanya treni wiki moja baada ya kuona yangu. Andika hilo pia.

Nimelificha behewa la kijani. Huwa nalihamisha kila wiki kwa sababu ya macho ya Dubow. Wiki jana lililala kwenye unga. Safari hii nimelitia mahali ambapo hata ibilisi atauliza njia.

Jumanne, 4 Februari

Behewa la kijani halipo.

Nimetazama kwenye unga. Chini ya godoro. Ndani ya redio iliyokufa. Sirad akaniuliza nililiweka wapi. Ningekuwa najua, ningekuwa nimeingia kwenye banda la kuku kwa magoti? Akasema yeye si mkuu wa stesheni.

Alasiri nilipita kwa bahati karibu na dirisha la Dubow. Kwa bahati nikapanda juu ya mtungi. Mezani kwake kulikuwa na kichwa cha treni, behewa la manjano, behewa jekundu, na nyuma yao, limetulia kama bibi harusi, behewa la kijani.

Nikaingia. Salamu nilitoa, ila fupi. Nikamwambia mwizi ni mwizi hata akipaka hina. Akasema amelinunua Griftu, alipokwenda mnadani kutazama ngamia, akarudi jana usiku; alimuuzia mtu wa kufuli. Maelezo marefu namna hiyo. Mwenye mali husema "yangu," basi.

Akaniambia, "Issack, jicho lako la kushoto lina ukungu, la kulia lina wivu. Ni lipi lililoona behewa?"

Nitampeleka kwa Maalim.

Jumatano, 5 Februari

Maalim Abdihafid amesuluhisha kesi za ngamia miaka thelathini. Kesi ya treni hajawahi. Hakubabaika. Alivaa miwani akaifuata njia ile ile.

Aliuliza mnyama ana umri gani. Nikasema kama miaka tisini. Aliuliza rangi. Aliuliza lilipotea likichunga au likiwa limefungwa. Limefungwa, nikasema, tena vizuri mno. Kisha akauliza swali nililokuwa naliogopa. Ngamia tunamjua kwa chapa ya moto, mbuzi tunamjua kwa sikio. Behewa hili lina alama gani?

Dubow akacheka ndani ya karoti zake. Akasema hata punda wa Issack hana chapa, maana hakuna anayemtaka. Wazee wote wakacheka. Mmoja akapaliwa na chai yake.

Hapo ulimi wangu ukatoka bila ruhusa yangu. Nikasema lina chapa ya nyumba yetu, ndoana na nukta mbili, chini ya tumbo. Niliipiga kwa mkono wangu.

Maalim akamuuliza Dubow kama amewahi kulitazama chini. Dubow akajibu kwamba yeye ni mtu wa heshima, hachunguzi matumbo ya watu. Basi Maalim akakata shauri: kesho baada ya sala ya alasiri behewa litapinduliwa mbele ya watu. Mpaka hapo Dubow atalilinda, usiku na mchana, mtu asiliguse. Dubow akaapa. Wallahi tatu.

Sirad amesikia habari sokoni. Ameuliza tangu lini mabati yetu yana chapa. Nikamwambia sikusema uongo. Nilisema kweli ambayo bado haijafika. Kesho asubuhi nitaenda kuipokea.

Alhamisi, 6 Februari, adhuhuri

Chuma cha baba cha kupigia chapa kilikuwa darini, katikati ya kinyesi cha popo. Urefu wake ni wa bakora. Nimekitia ndani ya kikoi, nikatembea kama mtu mwenye ugonjwa wa nyonga. Watu watatu wameniombea dua njiani.

Saa nne nilibisha kwa Dubow. Nikamwambia kabla hatujawa maadui, tunywe chai kama majirani. Dubow ana kasoro mia, lakini mgeni hamfukuzi. Maziwa yalikuwa yamekwisha na mkewe amesafiri kwenda Rhamu kwa binti yao. Ikambidi aende dukani mwenyewe. Jiko liliwaka. Behewa lilikuwa mezani. Mlinzi wake aliyeapa wallahi tatu alikuwa anatafuta maziwa ya ngamia.

Nikatia chuma kwenye makaa. Nikalilaza behewa chali, magurudumu juu, kama kondoo wa kukatwa kucha. Chuma kikawa chekundu. Ngamia unahesabu mpaka tatu. Nikasema bismillahi. Moja. Mbili.

Kwenye mbili paa likabanduka. Kisha ubavu wa kulia, kisha wa kushoto. Ile risasi ilitiririka kama maziwa yaliyofurika sufuria. Magurudumu yote manne yakabingirika mpaka chini ya kabati, sawasawa kabisa, bila hata moja kuchechemea. Hapo ningepaswa kushtuka. Nilikuwa na shughuli.

Nilibaki na vipande vitano vya bati. Kimoja kilikuwa na ndoana na nukta mbili. Niseme kweli, sijawahi kupiga chapa nzuri kama ile, hata ujanani.

Juu ya sinia ya Dubow palikuwa na tende. Nikazitafuna, nikagandisha ukuta kwa ukuta, paa juu, magurudumu matatu (la nne limekaidi chini ya kabati). Kutoka mlangoni behewa lilionekana zima. Kutoka karibu lilionekana kama limekula sana.

Dubow akarudi na maziwa. Akauliza harufu hii ni ya nini. Nikamwambia uvumba wake umeoza. Nikaondoka kabla ya chai, nikichechemea kuliko nilivyokuja, kwa sababu chuma kilikuwa bado cha moto.

Alhamisi, usiku

Ninaandika nimesimama. Paja limeungua.

Dubow alilileta behewa juu ya sinia, limefunikwa kitambaa. Sisimizi walikuwa wanakuja nyuma, mstari mmoja kutoka kwake mpaka barazani. Maalim akafunua. Akalishika paa kulinyanyua, na paa likaja peke yake. Akashika ubavu, ukabaki mkononi. Akalamba kidole. Akasema, "Tende."

Halafu akageuza sakafu. Ndoana. Nukta mbili.

Akapitisha kidole, kikatoka cheusi. Akanusa. Akasema chapa hii bado ina joto. Nikamwambia bati hupona polepole. Dubow alifungua mdomo aseme nilikuwa kwake asubuhi, akakumbuka aliapa kulilinda usiku na mchana, akaufunga. Sijawahi kuona kitu kitamu kama mdomo ule ukifungwa.

Maalim akakuna ndevu, akasema chapa ni chapa. Nilikuwa nimeshinda. Niliinuka nusu.

Ndipo Sirad akaingia barazani na sufuria ya harusi, ile kubwa tunayowaazima majirani. Jirani yetu Saynab ameiomba kwa harusi ya mwanawe. Sirad akaiweka chini mbele ya wazee, akatoa ndani yake fulana yangu kuukuu, akaikunjua. Behewa la kijani. Zima. Linang'aa. Akalisukuma kwa kidole, nalo likaenda kidogo, likichechemea.

"Odey, mzee wangu," akaniambia mbele ya kila mtu, "ulilificha ibilisi asilione, au usilione wewe mwenyewe?"

Dubow alicheka mpaka hina ikatoka jasho. Kwa hiyo kweli alinunua Griftu. Mapacha. Mtu hawezi kujua mambo yote.

Maalim alingoja kicheko kiishe. Akasema sheria ni ile ile ya ngamia. Aliyekufa ana chapa ya Issack, basi ni wa Issack, achukue mzoga wake. Dubow aliamka leo na behewa hai, na atalala na behewa hai. Akachukua behewa langu la kijani, la mbuzi wawili, akampa Dubow. Mimi nikapewa sinia ya vipande.

Nikasema nakata rufaa. Maalim akaniuliza kwa nani. Nikasema bado nafikiri.

Ijumaa, 7 Februari

Nimempelekea Mustafe vipande. Anatengeneza majiko karibu na stendi, hana mpinzani kwa bati. Amevitazama mbele na nyuma. Amesema behewa haliwezekani, ila akikunja hapa na hapa litakaanga njugu vizuri sana. Nimetukana, kisha nikalipia. Kweli linakaanga vizuri.

Nimekwenda kwa Mwalimu Fosia kumwomba akubali mabehewa mawili na kikaango. Amesema pole, adeer. Matatu ni matatu. Atakwenda Dubow.

Mimi sitakanyaga huko.

Jumamosi, 8 Februari

Nimekanyaga. Nilikaa nyuma kabisa, kwenye dawati dogo, niandike makosa yake.

Dubow alipanga reli zake sakafuni. Akatia ufunguo. Treni ikatoka, na watoto sitini wakanyamaza kimya ambacho hata msikitini hakipo. Manjano, jekundu, halafu la kijani langu likichechemea nyuma kama mzee aliyechelewa swala. Kalamu yangu ikakataa kuandika makosa. Garissa ina vumbi.

Binti mmoja mdogo, Hamdi, akauliza, treni inakwenda wapi. Dubow akasema inazunguka, inarudi hapa hapa. Jibu la mchanja ng'ombe. Watoto wakaanza kupepesa macho.

Sikuweza. Nikasimama, dawati likasimama nami. Nikatoa sauti yangu ya stesheni, ambayo sijaitumia miaka thelathini. Treni ya Wajir, Griftu, Rhamu na Mandera, tayari kuondoka. Wa Lafey mtabadilisha mbele. Wenye mbuzi behewa la nyuma. Wasio na tiketi wamwone yule mwenye ndevu nyekundu.

Watoto wakapanga foleni. Kila mmoja akataka tiketi. Fosia akachana daftari. Dubow alinitazama, nikadhani atanifukuza, akatia ufunguo tena. Robo saa nzima yeye alitia ufunguo na mimi nikatangaza stesheni, na Kaskazini Mashariki ilikuwa na reli, na haikuchelewa hata mara moja.

Tukitoka, Dubow akaniambia behewa la kijani linachechemea, huenda ni mgonjwa. Nikamwambia linalilia kwao. Akasema nije kesho tunywe ile chai. Akaongeza kwamba chuma nikiache nyumbani.

Jumapili, 9 Februari

Nimelala vizuri, nimefikiri vizuri.

Kosa halikuwa langu. Kosa ni kuwa na mali isiyo na alama. Kama behewa langu la kijani lingekuwa na chapa tangu mwanzo, nani angelichanganya na la Dubow? Baba hakuwahi kulala na ngamia asiye na chapa, na baba hakupoteza ngamia hata mmoja, ukiondoa wale waliopotea.

Na ile kuyeyuka ni makaa ya Dubow. Ya bei rahisi, yanawaka kama jehanamu. Mimi nina makaa ya mgunga, moto wa adabu. Halafu nilihesabu mpaka mbili, na hapo ndipo pa kurekebisha. Nitahesabu moja na nusu.

Sirad amekwenda harusini na sufuria yake. Nyumba ni tulivu. Mabehewa ya kahawia yamejipanga mstari yakingoja zamu. Lakini nitaanza na kichwa cha garimoshi, maana ndicho chenye thamani kuliko vyote, na ndicho Dubow anachokitazama sana.

Chuma kimekuwa chekundu. Naweka kalamu chini.

Bismillahi. Moja.