Mjukuu Wangu na Plafoni ya Wabelgiji

Jumatano, tarehe 1 Agosti 1984

Tumehamia! Nyumba yangu mwenyewe, Bel-Air, ya matofali, iliyojengwa na Wabelgiji walipokuwa bado wanadhani hawataondoka. Mimi fundi wa abakosti, zile suti zetu za Kizaire zisizo na tai, kutoka mtaa wa Kamalondo, leo nina veranda. Nimekaa hapo mchana kutwa ili wapita njia wanione. Wamepita wachache, na hakuna aliyenijua.

Jambo kubwa: Asha, binti yetu wa pekee, ana mimba ya kwanza, na kwetu uzazi wa kwanza mama analelewa kwa mama yake. Mwisho wa mwezi mjukuu wangu atalala chini ya paa langu. Ila mkwe mwenzangu Sudi, baba wa mume wa Asha, muuza vitenge mwenye villa kule mtaa wa Golf, anawaambia watu kwamba desturi ni nzuri, lakini kwake kuna maji ya moto bombani. Kashfa! Plafoni yake, yaani dari, ni ya mbao nyembamba zenye vanishi, ukiinua macho unajiona. Yangu ni mabamba ya kijivu yenye madoa ya mvua. Mjukuu afungue macho aone madoa?

Nimeamua. Plafoni yote itoke. Nimeanza na chumba cha nyuma. Pigo moja la nyundo na kona nzima imeshuka, pamoja na vumbi laini kama unga wa muhogo. Nimepiga chafya mpaka machozi. Mwanzo mzuri.

Ijumaa, tarehe 3 Agosti

Baada ya swala Sudi amekuja kuiona nyumba. Nimempitisha chumba kwa chumba, polepole. Hakusifu kitu. Tulipofika chumba cha nyuma aliinua kichwa, akaiona ile kona, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, leso puani.

"Mukwe, ile iko amiante," akasema. "Usiguse tena. Ile vumbi inaingia mu mapafu, inakaa kule miaka, kiisha inakuua."

Amianti, yaani asbesto! Nimemwelewa mara moja. Mtu anayetaka kukunyang'anya mjukuu hawezi kukuambia hivyo usoni. Anasingizia plafoni. Bahati mbaya Rabia, mke wangu, alikuwa nyuma yetu na sinia la chai, akasikia yote. Tangu saa ile haingii chumba cha nyuma, na mimi siruhusiwi kukaribia kitanda kabla ya kuoga na kubadili shati.

Jumamosi, tarehe 4 Agosti

Sayansi! Nimefikiri hivi: amianti ni jiwe, na jiwe haliungui. Plafoni ya Wabelgiji lazima ni karatasi na mbao zilizoshindiliwa. Kipande kikiungua, Sudi ni mwongo, na kesi imekwisha.

Rabia alipoingia ndani kutafuta chumvi, niliinua sufuria ya maharagwe, nikatia kipande kikubwa katikati ya makaa ya jiko la mbabula, nikarudisha sufuria. Hakikuungua. Kilitulia kidogo, halafu kikalipuka! Sufuria iliruka. Maharagwe yalifika kwenye kamba ya nguo. Majirani walilala chini wakidhani ni risasi, na Numbi, mkuu wa seli ya Chama mtaani kwetu, alikuja mbio na beji kifuani, akataka kujua nani amempiga nani. Nikamwambia ni utafiti.

Rabia alirudi na chumvi, akakuta hakuna cha kutiwa. Tumekula mkate mkavu.

Lakini sikutoka mikono mitupu. Numbi alipokuwa bado anahema nimemwomba Salongo ya Jumamosi ijayo, ile kazi ya umma tunayolazimishwa wote, ifanyike kwangu. Nimemweleza kwamba plafoni hii ni mabaki ya ukoloni, na kuiangusha ni uzalendo. Amekubali! Mtaa mzima utanifanyia kazi, na Rais atashukuriwa. Kichwa changu hiki, sijui kwa nini hakikupelekwa Ulaya kusoma.

Jumatatu, tarehe 6 Agosti

Rabia amemleta Dominique, mtoto wa rafiki yake, mhandisi wa usalama kazini huko kwenye migodi ya shaba. Kwenye karatasi za serikali ni Mwape tangu Wazairwa tulipoachishwa majina ya Kizungu, lakini mama yake hajawahi kukubali.

Dominique hakuingia chumbani. Alitazama kutoka mlangoni. Alisema kwa macho tu hakuna anayeweza kuwa na uhakika, mpaka kipande kipimwe kwenye maabara, na maabara ya namna hiyo iko mbali. Ila kwa umri wa nyumba hii, na kwa vile kipande kililipuka badala ya kuungua, angeyahesabu mabamba yote kuwa ni amianti. Yaliyo mazima hayana neno yakiachwa yalivyo: yasivunjwe, yasikatwe, yasitobolewe, yasikwanguliwe, yapakwe rangi basi. Vilivyovunjika vilowanishwe maji, viokotwe taratibu, vifungwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki, vizikwe shimo refu. Vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu, marufuku.

Nikamuuliza kama hakuna njia ya haraka zaidi. Akajibu kwamba kwa vyumba vingine vyote njia ya haraka ni kutofanya kitu. Simwamini mtu anayelipwa mshahara ili asifanye kitu.

Alipoondoka, Rabia akatoa hukumu. "Alimasi, mutoto yangu hataingia mu ile vumbi. Kama mbele ya tarehe makumi mbili nyumba haiko safi, Asha ataenda ku Golf. Nimeisha kusema."

Golf! Chakula kimenishinda, na mimi si mtu wa kushindwa na chakula.

Alhamisi, tarehe 9 Agosti

Wasiseme Alimasi ni mzembe. Nimejishonea vazi la kujikinga kwa magunia ya unga. Kofia inafunika masikio. Kitambaa cha pua kina tabaka nne, za bitana ya abakosti, ile nzuri. Kola nimeikata kwa mtindo wa Chama. Rabia ameuliza vifungo vya dhahabu ni vya nini. Nimesema vumbi haliingii penye vifungo vizuri. Ukweli ni kwamba Jumamosi watakuwepo watu, na sikutaka kumwambia watu gani.

Jumamosi, tarehe 11 Agosti

Aibu.

Mtaa mzima ulikuja na Numbi mbele, akiimba. Walikuja na nini? Fagio! Fagio kavu, ndefu, za kila aina, na mzee mmoja na shoka. Nilitoka kwenye veranda nikiwa ndani ya vazi langu ili niwahutubie. Watoto wawili walilia waliponiona.

Sikufika mbali na hotuba. Rabia alisimama mlangoni na ndoo ya maji. Akawaambia kwamba ndani kuna sumu ya mapafu, na atakayevuka kizingiti na ufagio atatoka amelowa. Numbi alidhani anatania. Akavuka. Akatoka amelowa, beji na yote.

Wananchi walicheka, wakaenda kufagia barabara. Numbi alibaki akichuruzika maji, akaniuliza kwa upole sana kama ninajua adhabu ya kutumia Salongo kwa faida binafsi. Nimempima kifua, kiuno na mikono. Abakosti yake itakuwa tayari wiki ijayo, zawadi.

Jumanne, tarehe 14 Agosti

Asha ametuma salamu kupitia mumewe: amesikia habari za mlipuko, amesikia habari za ndoo, anaomba baba asikasirike, lakini pengine ni heri aende Golf. Pengine ni heri! Nilimlea mtoto huyu mgongoni mwangu mamake alipokuwa anaumwa. Nimekaa nyuma ya cherehani nikalia, na mteja amenikuta hivyo, nikasingizia vumbi.

Halafu nikapata wazo. Villa ya Sudi ni ya Wabelgiji vilevile! Miaka ileile! Nikapanda basi mpaka Golf, nikasema nimepita kusalimia. Nikaomba kuona nyumba, chumba kwa chumba, polepole, kama alivyofanya yeye. Sebuleni, vanishi. Vyumbani, vanishi. Lakini gareji! Nikainua macho, na hayo hapo, mabamba yaleyale kama yangu, ila yamepakwa rangi nyeupe. Nikapaza sauti ili mke wake asikie: amianti! Amianti kwa mkwe! Mjukuu haji hapa!

Sudi hakushtuka hata kidogo.

"Miye najua, mukwe," akasema. "Ni vile nilitambua ya kwako. Tulipaka rangi, tukaileka. Hakuna muntu anaigusa. Kunywa chai."

Nimekunywa chai. Ilikuwa na tangawizi, na ilikuwa nzuri, jambo lililoniuma zaidi.

Ijumaa, tarehe 17 Agosti

Nimerudi kutoka kazini nimekuta yamekwisha. Yote! Rabia na Dominique wamefanya kazi tangu asubuhi. Vipande vimelowanishwa, vimefungwa, vimezikwa nyuma ya choo cha zamani. Mlango wa chumba cha nyuma umepigiliwa na kuzibwa. Plafoni nyingine zote ni nyeupe, zinang'aa, hata madoa siyaoni. Rangi imetoka Golf, zawadi ya Sudi. Sitaizungumzia rangi.

Dominique alikuwa amevaa vazi langu, kitambaa cha pua na vyote. Amesema limeshonwa vizuri kuliko yale wanayopewa kazini kwake. Nikabeba ndoo zilizobaki.

Rabia amepeleka salamu kwa Asha: aje.

Jumatatu, tarehe 27 Agosti

Msichana! Amezaliwa juzi, mzima, na leo wamemleta hapa. Hapa! Bel-Air! Mimi nimemwadhinia sikio la kulia, Sudi amemkimia la kushoto, na tumesukumana viwiko kidogo tu. Mtoto ana pua yangu. Sudi anasema ni yake, lakini ya Sudi ni bapa. Nimemshika mpaka mkono ukafa ganzi, nikakataa kumtoa. Sijawahi kuwa na furaha kama hii, naandika wazi.

Jioni imeharibika kidogo. Sudi ameleta chandarua kutoka Kasumbalesa, kule mpakani, chenye miguu yake minne ya chuma, kinachosimama chenyewe juu ya kitanda cha mtoto. Wanawake wote wamekipigia vigelegele. Mjukuu wangu, nyumbani mwangu, analala ndani ya mali ya Golf!

Mimi nitamshonea changu. Cheupe, kirefu, chenye mikunjo, kinachoshuka kutoka juu kama vazi la bibi harusi. Na kitu kinachoshuka kutoka juu lazima kiwe na ndoano huko juu, katikati ya plafoni, sawasawa na kichwa cha mtoto. Nimetafuta nyundo. Hakuna. Msumari, hakuna. Mashine ya kutobolea, hakuna. Nimemuuliza Rabia. Amesema vyote amempa Sudi amtunzie.

Sawa. Kesho asubuhi nakwenda Golf kumpigia magoti. Tundu moja tu. Dogo. Na nikimaliza nitafagia mwenyewe.