Komeo Apangiwa Seli B7

Komeo, mtunza ghala wa kiwanda cha magodoro, alifika kijiweni na uso wa mtu aliyekwisha kusomewa mashtaka. Hakusalimu mtu. Alipokea kahawa kwa Shangazi, mwenye birika lake, akasahau kuinywa.

"Bosi kasema leo kila mfanyakazi anaingizwa kwenye seli," akatangaza. "Mimi nimepangiwa B7."

Wakili, ambaye kusema kweli ni fundi viatu na sheria kaisomea redioni, aliweka sindano chini. Akataka kujua hiyo B ni kitu gani. Komeo akaeleza kama alivyoelezwa kikaoni: B ni safuwima, saba ni safumlalo, na zinapokutana ndipo ilipo seli yako.

"Basi kwisha habari yako. Gereza lenye safu A mpaka Z si la mchezo. Umeiba godoro?"

"Hata sponji sijagusa, jamani. Halafu kuna fomula. Wanatanguliza alama ya sawasawa, safu nzima inajumlishwa yenyewe."

"Adhabu ya pamoja hiyo," Wakili akahukumu. "Samaki mmoja akioza, wote wameoza."

Shangazi alicheka mpaka birika likamwagika. Akamwambia seli hizo ni visanduku tu vya kwenye kompyuta, katika kitu kinachoitwa lahajedwali. Binti yake, karani wa hapo hapo kiwandani, hushinda humo kutwa na jioni anarudi kula ugali wake kama kawaida. Hakuna askari wala nondo.

"Nenda kazini, mwanangu," akasema. "Usipoonekana leo ghala atapewa mwingine, na wewe una watoto."

Komeo akaondoka kwa shingo upande. Wakili akamfuata, maana mteja hatupwi.

Ofisini karani aliwageuzia kioo cha kompyuta. Jina la Komeo lilikuwa kwenye A7, na B7 ilikuwa ya tarehe yake ya kuajiriwa. Komeo akainama kutazama. B7 nzima ilikuwa imejaa alama za reli, ####, mistari yake imepishana wima na mlalo.

"Nondo hizo," akanong'ona. Alipogeuka kumtafuta mtetezi wake, aliona kisigino tu kikipotea mlangoni.

Karani alijiuma mdomo asicheke. "Tarehe yako ndefu, baba, safuwima nyembamba. Haijaenea tu." Akashika ukingo wa safuwima kwa kipanya, akauvuta. Nondo zikatoweka, tarehe ikajitokeza nzima, na Komeo akafurahi nusura ambusu kipanya.

Alirudi kijiweni mchana anapiga mluzi. Wakili alikuwa anawaapia watu kwamba nondo kaziona kwa macho yake.

"Umetokaje?" akashtuka.

"Karani kavuta ukuta."

"Na wenzako wa B8, B9?"

"Wote wametoka. Ukivuta ukuta mmoja, safuwima nzima inapanuka."

Wakili akaokota kiatu chake, akatia uzi kwenye sindano bila haraka.

"Msamaha wa jumla huo," akasema. "Ndio niliokuwa nimekimbilia kuutafuta."