Nyasi Zangu, Bustani ya Jirani

Jumatatu, 4 Agosti
Nyumba yetu mpya imekwisha. Uwanja, bado. Mafundi wametuachia kokoto, vipande vya matofali na udongo mwekundu ulioshindiliwa na malori hadi ukawa kama sakafu. Baba anataka kumwaga zege kote. Nikajikaza, nikanong'ona kwamba naweza kuotesha nyasi. Akasema hajasikia. Nikarudia. Hajasikia! Kaka akamtafsiria.

Makubaliano: nyasi zikiota, baba ananipeleka chuo cha kilimo. Shangazi akija Jumapili ya wiki ijayo asizione, naondoka naye nikapokee wateja saluni kwake. Kupokea wateja! Kuwaambia watu nisiowajua "karibu, dada" mchana kutwa! Mimi, ambaye muuza duka akiniuliza nataka nini, humjibu sitaki kitu.

Jumanne, 5 Agosti
Nimesoma habari za mashine inayopuliza mbegu, maji, karatasi iliyosagwa, mbolea na gundi kwa pamoja, kama uji. Unatia na rangi ya kijani ili uone ulipokwisha kupita. Unapuliza, unakaa, nyasi zinaota. Hakuna kuinama!

Mashine hatuna, ila fundi rangi ana pampu ya kupulizia chokaa. Nilimzungukazunguka mpaka akauliza nimedondosha nini. Pampu akanipa. Akanipa na ushauri nisiouomba: nivunje kwanza ule udongo kwa sururu, nichanganye samadi, ndipo nipulize. Niliitikia kwa adabu zote. Sururu! Kama nia yangu ni kulima, pampu ya nini?

Jumatano, 6 Agosti
Nimeloweka magazeti ya baba kwenye pipa. La leo pia. Alikuwa hajalisoma.

Kaka yangu, ambaye tangu ajifunze kuunga mabomba anataka aitwe Injinia, alichungulia pipani akauliza nani anaumwa hata apikiwe uji wote huo. Nikaanza kupuliza. Pampu ikaziba. Injinia akainama kunionyesha kosa langu. Ikazibuka.

Ukuta mweupe una madoadoa ya kijani. Injinia pia. La ukuta limenisikitisha.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimemaliza kupuliza uwanja wote. Kijani tupu! Halafu balaa. Baba amerudi jioni, miwani ameisahau kazini. Alisimama getini, akashika kichwa, akaniita mama yangu, kipenzi changu. Hapo hapo akampigia shangazi simu: nyasi zimeota kwa siku moja, mtoto ana kipaji!

Nikanong'ona kwamba ni rangi tu. Hajasikia! Injinia alicheka hadi akaegemea ukuta, na rangi haijakauka. Angalau hilo.

Jumapili, 10 Agosti
Mvua. Uji wangu umeteleza juu ya ule udongo kama maji juu ya bati, ukapita chini ya uzio, ukaenda zake kwa jirani. Baba, mwenye miwani leo, ameuliza nyasi zimekwenda wapi. Nimesema zimeingia ndani kidogo. Ameifuta miwani, akatazama tena.

Jumamosi, 16 Agosti
Jirani amebisha hodi akiwa amefura. Matuta yake ya vitunguu, aliyoyalima na kuyatia samadi kwa mikono yake, yamefunikwa na majani asiyoyapanda. Amesema tuje tuone wenyewe.

Tukaenda. Jamani, nyasi! Laini, nzito, kama zulia! Furaha ikanifanya nisahau kuona aibu. Nikasema kwa sauti ya kusikika kabisa, "Ni zangu hizo!"

Heri ningenyamaza. Nimezing'oa mchana kutwa, moja moja, jirani amesimama nyuma yangu akinihesabia vitunguu. Injinia anauliza kama chuoni wana somo la kulimia watu wengine.

Jumapili, 17 Agosti
Shangazi amefika na viatu vya visigino. Ko! Ko! Ko! kutoka getini hadi mlangoni, juu ya uwanja wangu. Akauliza ziko wapi nyasi alizopigiwa simu. Baba akakohoa. Shangazi akasema basi, nikafunge begi.

Jumatano, 20 Agosti
Saluni. Wateja wakiingia naangalia sakafu. Mmoja amedhani kuna hereni imeanguka, akapiga magoti kunisaidia kuitafuta.

Lakini! Nyuma ya saluni kuna uwanja mtupu, mgumu kama kigae, umejaa mabaki ya zege. Sehemu nzuri sana. Na nimegundua nilipokosea: gundi ilikuwa haba. Hapa kuna jeli ya nywele, ndoo nzima. Nywele zilizofagiliwa zitachukua nafasi ya magazeti.

Nimemnong'oneza shangazi kwamba hivi karibuni wateja watasubiri nje, kwenye nyasi. Alikuwa anakausha mtu nywele, hakusikia. Hakukataa, basi. Ndoo nimeshaifungua.