Ng'ombe Mmoja, Kompyuta Mbili

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimefedheheka. Jana kwenye saluni ya Sakaya, mbele ya watu waliokuja kunyolewa na wengine waliokuja kunicheka tu, Lekoko kanifunga mabao manne kwenye mpira wa kompyuta. Manne! Na si kwamba simwezi. Kompyuta yangu iliganda. Mshambuliaji wangu alikuwa peke yake na kipa, akainua mguu apige, akabaki hivyo hivyo, mguu juu, kama mtu anayekagua soli ya kiatu. Picha ilipozinduka, mpira ulikuwa wavuni kwangu.

Lekoko ni dereva wa watalii, mtoto wa Mzee Ngoitiko wa kijiji cha Nainokanoka, huko juu milimani. Kompyuta yake ya mapajani aliachiwa na mgeni kama tipu. Vitufe vyake vinawaka. Yangu ni ya mezani, kizee, naibeba kwa toroli kutoka dukani hadi saluni ikiwa imefunikwa khanga ya mke wangu isile vumbi. Mtu unaanza kushindwa ukiwa bado njiani.

Nimetangaza marudiano, Jumapili ya tarehe kumi na tano. Nilitangaza kwa sauti, ndiyo kosa. Sasa lazima niamue: niiboreshe hii, au nichukue nyingine? Mke wangu Bibiana anasema hii ndiyo inayotulisha. Ni kweli, steshenari yetu inaishi kwa hiyo: barua za maombi ya kazi, picha za pasipoti, kadi za kipaimara. Nikamwambia inatulisha sote lakini inanila mimi peke yangu. Hakucheka.

Jumanne, 3 Juni

Nimeipeleka kwa fundi Edson. Kaifungua, kapuliza, vumbi jekundu la Karatu nzima likatoka, pamoja na mjusi aliyekauka. Edson kamlaza mjusi mezani kwa heshima, kisha akanipa pole, sijui ya mjusi au ya kompyuta.

Maelezo yake yamenikata maini. Nikiongeza ramu, itadai kadi ya picha. Nikiweka kadi ya picha, pawasaplai itazidiwa. Nikibadilisha pawasaplai, bodi ni ya zamani, haitapokea chochote. Yaani nitanunua kompyuta mpya kipande kwa kipande, halafu niifungie ndani ya boksi la marehemu.

Kisha akafunua kitambaa pembeni. Mungu wangu! Ubavu wa kioo. Feni ndani zinawaka nyekundu, buluu, kijani. Nilisahau hata jina langu. Edson yuko tayari kuchukua ile ya zamani kama sehemu ya malipo, lakini sehemu inayobaki sina, na sina pa kuipata.

Nyumbani Bibiana kaniambia usiache mbachao kwa msala upitao. Nikamjibu kwamba kipya kinyemi. Akanikumbusha kuwa methali hiyo haiishii hapo. Inamalizikia: ingawa kidonda.

Alhamisi, 5 Juni

Mzee Ngoitiko kaja dukani. Mwenyewe! Shuka, fimbo, na bahasha ya dawa ambayo ndani yake mlikuwa na picha ya marehemu mkewe, Nalotuesha. Ndiyo picha pekee aliyopigwa maisha yake yote. Imekunjwa, na mkunjo umepita katikati ya uso. Mzee akauliza kama naweza kuurudisha uso ule.

Nikaona mlango umefunguka. Baba wa adui, ameketi kwenye kiti changu! Nikimhudumia vizuri atanisimulia udhaifu wa mwanawe. Nikaanza kazi. Kompyuta ikaguna, ikaganda, ikazinduka, ikaganda. Nikaziba ule mkunjo kidogo kidogo. Jicho la kushoto nikalisafisha, shanga nikazirudishia rangi. Mzee hakusema lolote kuhusu Lekoko. Alitazama tu kioo cha kompyuta, na kadiri uso ulivyozidi kutokea alisogeza kiti karibu.

Jioni nilipoichapa akaishika kwa mikono miwili, akalia. Nikalia na mimi. Nilikuwa nimesahau kabisa habari za Lekoko.

Nikakataa malipo, nionekane mtu mkubwa. Akasema basi kesho kuna ng'ombe wao wanashuka kwa ajili ya mnada, na mmoja hataenda mnadani, atakuja kwangu. Ng'ombe! Kwa picha!

Ijumaa, 6 Juni

Ng'ombe kafika. Jike, mweupe, shingoni ana mabaka mekundu. Mzee kanikabidhi kamba mkononi, mbele ya Bibiana na nusu ya mtaa. Akasema kuanzia leo hataniita Bonaventura. Ataniita Pakiteng, nami nimwite yeye Pakiteng. Ndivyo wanavyoitana Wamasai, aliyetoa ng'ombe na aliyepewa. Nikaona ni utani mzuri.

Lekoko alikuwepo. Alinipa mkono bila kejeli, akasema sasa mimi ni mtu wa kwao. Yaani ameanza kuogopa marudiano!

Bibiana ameshamkatia ng'ombe nyasi na anamsemesha. Mimi nimemtazama ng'ombe kwa muda mrefu, na kila nilipomtazama niliona feni zinazowaka. Uamuzi umepatikana. Siboreshi. Nabadilisha.

Jumamosi, 7 Juni

Mnada. Nimemuuza. Dalali mmoja alikuja moja kwa moja kwangu, akauliza bei, akalipa. Hakubishana. Nilipaswa kushtuka, maana dalali asiyebishana bei hajazaliwa bado. Lakini nilikuwa na haraka.

Bibiana nimemwambia ng'ombe nimempeleka kijijini Daa kwa mama, kwenye malisho. Mama hana habari.

Mchana nikaenda kwa Edson. Nikakabidhi ya zamani, nikachukua mpya. Sikugeuka nyuma. Huu ndio mwanzo wa maisha yangu.

Jumapili, 8 Juni

Inawaka! Duka zima limekuwa na rangi. Mlevi mmoja kaingia kuagiza bia.

Doa moja dogo: printa haiitambui. Zinatazamana tu. Bibiana kawarudisha wateja wa kadi za kipaimara, kisha akakaa na mikono mapajani. Nikamwambia ni suala la kuzoeana. Akauliza, nani amzoee nani.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwisha.

Mji mzima unaniita Pakiteng. Walinzi wa lodge, akina mama wa shanga, vijana wa sokoni nisiowajua. Mzee kasimulia kila mahali. Na kila anayenisalimia anauliza: ng'ombe hajambo? Nasema hajambo, anakula vizuri. Kwa kweli sijui anakula nini wala kama bado anakula.

Nikamuuliza Mepukori, mlinzi wa duka la jirani, kwa nini watu wanamjali hivyo mnyama mmoja. Akanieleza taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. Ng'ombe huyo hauzwi. Yeye ndiye jina lenyewe. Aliyekupa ni ndugu yako, ukipata shida unaenda kwake, naye akipata shida anakuja kwako, na watoto wenu watakumbuka. Nikauliza, na mtu akimuuza? Mepukori akafikiri. Akasema hajawahi kusikia mtu kama huyo.

Nikadhani ndio mwisho wa mabaya. Mchana ukaja ujumbe wa Mzee: Jumapili atashuka kutazama mechi, kumsalimia ng'ombe, na kuchukua nakala nyingine ya picha ya Nalotuesha, ampelekee dada yake aliyeko kijiji cha Kakesio.

Picha! Picha imo ndani ya ile kompyuta ya zamani! Nimekimbia hadi kwa Edson. Kashaifuta yote. Anasema sasa imekuwa nyepesi, inafanya kazi vizuri mno. Nimekaa kwenye ngazi za duka lake na kuangalia viatu vyangu. Ule uso niliusafisha mimi, kwa mkono wangu huu huu, na mimi huyu huyu nimeutupa.

Ijumaa, 13 Juni

Machozi hayajengi. Nina mpango.

Jirani yetu Antonia ana ng'ombe wa maziwa, mweupe pee. Nimemwambia nataka kumpiga picha kwa ajili ya kalenda. Amekubali, hata akampiga brashi. Mabaka nitayaweka mimi. Wino mwekundu wa printa uko, na kwa kuwa printa haina kazi, hakuna kinachopotea.

Picha nitamwambia Mzee iko njiani. Picha gani huwa njiani? Nitajua hiyo Jumapili.

Jumapili, 15 Juni

Naandika ili nisipige kelele.

Mechi ilikuwa baada ya ibada. Nimefungwa sita. Kompyuta haikuganda hata mara moja, na hilo ndilo lililonimaliza. Kila nilichokosea kilionekana vizuri, tena kwa taa. Sakaya aliacha kichwa cha mteja nusu akaja kutazama kwa karibu. Mzee Ngoitiko, ameketi mbele, alinipa pole kila bao lilipoingia. Pole, Pakiteng. Pole, Pakiteng. Mara sita.

Kisha akasema twende tukamsalimie ng'ombe.

Asubuhi nilikuwa nimempaka rangi kwa uangalifu na kumfunga nyuma ya duka. Nilichosahau ni kwamba tuko Karatu, na ni mwezi wa Juni. Ukungu ulikuwa umeshuka na manyunyu yake. Tulimkuta ng'ombe wa Antonia akiwa wa waridi kuanzia shingoni hadi magotini, ametulia, anacheua.

Mzee hakukasirika. Ningeshukuru angekasirika. Alimpitishia mkono shingoni, akautazama mkono.

"Pakiteng," akasema, "huyu ni nani?"

Nikamwambia maisha ya mjini yamembadilisha.

Watu walikuwa wamejaa ukutani. Hakuna aliyecheka, hata Sakaya. Lekoko aliondoka, akavuka barabara, akaingia ua wa nyumba ya rafiki yake, na akatoka na kamba mkononi. Nyuma yake, mweupe, mabaka mekundu shingoni, alikuwa ng'ombe wangu. Yule dalali alikuwa wake. Lekoko alimwona ng'ombe mnadani, akamtuma dalali amnunue kabla mtu mwingine hajamchukua, akamficha ili baba yake asijue.

"Nilikusubiri uje uniambie," akanieleza kwa sauti ya chini. "Ningekurudishia siku hiyo hiyo. Wiki nzima nimekusubiri."

Nilitamani kuganda, mguu juu, kama yule mshambuliaji wangu.

Ndipo Mzee akauliza picha. Nikafungua mdomo kusema iko njiani. Bibiana akanipita, akaingia ndani, akatoka na picha ya Nalotuesha ndani ya fremu. Kumbe siku ile ile niliyoitengeneza aliihifadhi kwenye flashi, kama anavyohifadhi kazi za wateja wote, kwa sababu ananijua. Jana alienda kuichapisha kwa watu, akanunua na fremu.

Mzee akautazama ule uso. Akachukua kamba kutoka kwa Lekoko, akaiweka mkononi mwa mke wangu.

"Pakiteng," akamwambia.

Bibiana akainamisha kichwa chini ya mkono wa Mzee, kama anayejua tangu utotoni jinsi inavyofanywa. "Pakiteng," akaitikia.

Mimi nilibaki nimesimama na ng'ombe wa waridi. Mzee alinigeukia mwisho wa wote, akanipa mkono kwa adabu kabisa.

"Kwa heri, Bonaventura."

Mama yangu alinipa jina hilo kwa furaha. Leo limeniuma kama tusi.

Jumatatu, 16 Juni

Nimeshinda nikimwosha ng'ombe wa Antonia. Sabuni ya kipande, sabuni ya unga, maji ya vuguvugu. Bado ni wa waridi. Antonia ameketi juu ya ndoo anasimamia.

Mepukori kapita. Kanisalimia, "Habari, Bona." Kisha akamgeukia Bibiana, uso ukang'aa: Pakiteng, ng'ombe hajambo? Imeniingia moyoni. Nimekosa, nakiri, tena nimemkosea mtu aliyelia mbele yangu. Bibiana ameniambia maneno machache, na yote yalikuwa ya kweli. Ameshamwomba Edson amrudishie ile kompyuta ya zamani, na yenye taa irudi ilikotoka. Edson amekubali nusu nusu, anataka siku za kufikiri.

Na mimi nimefikiri. Nimejifunza. Ng'ombe wa zawadi hauzwi, sasa nalijua hilo hadi kwenye mifupa.

Lakini nilipokuwa nasuuza, nikakumbuka mechi. Tatizo jana halikuwa mimi. Wala halikuwa kompyuta. Lilikuwa kioo! Nimeunganisha kompyuta mpya na kioo cha zamani, mpira unanifikia umechelewa. Nimempigia Edson. Anacho kioo kimoja, kipana, kimepinda kidogo, kizuri ajabu. Akisikia nachukua kioo, hatataka tena ile yenye taa irudi kwake.

Bibiana anasema ng'ombe ana mimba.

Nimemrudia Mepukori na kumuuliza, kwa njia ya kuzunguka, kama ile desturi inamhusu na ndama. Hakujibu. Kwangu mimi hiyo ni hapana: ndama anauzika.