Diski ya Harusi ya Zalifa

Jumamosi, 5 Agosti 2006. Mahabibo, Mahajanga

Diski ya harusi tayari. Nimeitazama mara mbili kwenye deki yangu. Safi kabisa. Rangi, sauti, hata jasho la bwana harusi linaonekana. Juu yake nimebandika stika: uso wa Zalifa, bibi harusi, na chini jina langu, Allaoui, kwa herufi kubwa kidogo kuliko lake. Ansoifa, mke wangu, akauliza kama ni mimi niliyeolewa.

(Haya naandika kwa Kiswahili nilichokisoma Zanzibar ujanani. Mtaani kwetu ni Kimalagasi, Kifaransa na Kikomoro. Ansoifa hawezi kuyasoma. Ndiyo raha yake.)

Jioni nikampelekea Bwana Madi, baba wa bibi harusi, kule Tsaramandroso. Deki yake ikaimeza diski, ikanguruma, ikaandika kwamba hakuna diski. Ikaitema. Tukairudisha. Ikaitema tena. Nikasema deki imechoka. Bwana Madi akasema ameinunua juzijuzi tu.

Jambo si dogo. Mama wa Bwana Madi, Bi Halimati, anakaa Nosy Be, mjini Hell-Ville. Ndiye aliyemlea Zalifa tangu akitambaa. Miguu haimchukui tena, harusini hakufika. Diski hasa ni yake, na kila siku anapiga simu kuuliza imefika wapi. Bwana Madi alinieleza hayo kwa upole. Afadhali angefoka.

Niliporudi, Houssen, mpiga picha mwenzangu, alikuwa amesimama kwenye mlango wa kioo wa studio yake, ng'ambo ya barabara. Harusi hii alitaka kuipiga picha yeye. Alitabasamu. Nikajaribu kuamini kwamba jino linamuuma.

Jumatatu, 7 Agosti

Nimezunguka na diski nyumba kwa nyumba. Kwa muuza nyama inacheza. Kwa shemeji inacheza hadi bibi harusi anapoingia, halafu inaganda, mdomo wake wazi. Kwa imamu haichezi kabisa. Nikafikiri sana. Nikagundua: deki za Mahajanga ni chafu! Vumbi, chumvi ya baharini, moshi wa mishikaki. Diski yangu haina kosa lolote.

Mpango: kusafisha lenzi za mji mzima. Nikaanza na ya Bwana Madi. Sikuwa na dawa ya lenzi, nikatumia marashi ya Ansoifa. Deki sasa inanukia vizuri, lakini hata sinema za Kihindi haichezi. Roukia, mke wa Bwana Madi, ameniomba kwa heshima nisiguse friji.

Houssen akaitwa. Kabla ya alasiri deki imepona. Hakutaka malipo. Matusi gani makubwa kuliko hayo?

Jumanne, 8 Agosti

Houssen amemwambia Bwana Madi sokoni, mbele ya watu, kwamba deki haina kosa. Eti niliichoma diski, yaani kuitia picha kwa kompyuta, kwa kasi mno. Eti stika inaielemea upande, haizunguki sawasawa. Eti sikuifunga: ukimaliza kuchoma, lazima uiamuru kompyuta iweke alama ya mwisho, la sivyo deki nyingine hazijui pa kuanzia kusoma. Nikamjibu kwamba anayefungafunga vitu ana jambo analificha. Watu wakacheka. Nilidhani wanamcheka yeye.

Halafu akajitolea kuichoma upya, bure. Bwana Madi akanitazama. Nikaona harusi yangu inahamia nyuma ya mlango wa kioo. Nikasema haraka kwamba diski nitaipeleka Nosy Be mimi mwenyewe, na Bi Halimati ataiona kwa macho yake kabla ya Ijumaa.

Kwa nini nina hakika? Diski inacheza kwenye deki yangu. Basi nitaichukua deki yangu! Sijui kwa nini Houssen, na akili zake zote, hakuliwaza hilo.

Ansoifa akasema nimpe Houssen kanda ya kamera, aichome, yaishe. Nikasema kesho. Kesho sitakuwepo.

Alhamisi, 10 Agosti. Hell-Ville

Nimefika. Deki nimeipakata njia nzima, nimeifunga kwenye leso mpya ya Ansoifa. Leso ilikuwa ya manjano. Sasa ina rangi ya barabara. Kwenye boti kutoka Ankify maji yaliturukia, nikaikinga deki kwa mgongo wangu. Hata mtoto wangu sikuwahi kumkinga hivyo.

Nyumbani kwa Bi Halimati nilikuta sebule imejaa. Majirani wote. Mikeka imetandikwa, keki za nazi zimefunikwa. Yeye amekaa mbele, karibu kabisa na televisheni, amevaa nguo mpya na hina mikononi kana kwamba anakwenda harusini.

Kwanza nikaitia diski kwenye deki yake. Hakuna diski. Hilo nililitazamia, nikacheka kitaalamu. Nikafungua leso, nikaunganisha deki yangu. Nikabonyeza. Kisahani kikatoka nje, na vumbi likatoka nacho, jekundu, kama pilipili. Nikapuliza. Nikabonyeza tena. Tik, tik, tik. Kwenye televisheni: hakuna diski.

Bi Halimati alikodoa macho, akasoma maneno yale polepole.

"Mbona wanasema hakuna?" aliuliza. "Mimi naiona, unayo mkononi."

Nikaipangusa kwa shati. Nikaigeuza. Nikaomba marashi, hawakunipa. Majirani wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakibeba keki. Wa mwisho alizima televisheni bila kuambiwa.

Tukabaki wawili. Nilitaka kusema deki zimechoka. Sikuweza. Nikamwita bibi kwa Kikomoro: "Koko, nisamehe."

Akauliza kama nilikuwepo harusini mwanzo hadi mwisho. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi niambie."

Sijawahi kusimulia harusi. Mimi huzipiga picha tu. Nikaanza na jukwaa, taa, idadi ya magari. Akanikatiza: hayo ya magari mwachie Madi. Zalifa je? Nikafikiri. Nikamwambia alivyoingia na wasichana wakiimba, kiatu kikimbana, akatembea kama hakimbani. Nikamwambia alivyokataa kula hadi shangazi zake walipokula. Na kwamba wakati nabadilisha betri, kamera imezimwa, nilimwona anageuka kuutazama mlango. Mara moja, halafu tena. Watu wake wote walikuwa ndani tayari. Sikujua anamtafuta nani.

Bi Halimati akashika ncha ya mtandio, akajifuta. Akaniuliza anageuka vipi, kwa bega la kulia au la kushoto. La kushoto, nikasema. Akasema tangu mdogo anageukia kushoto.

Nilisimulia hadi chai ikapoa. Akaniamuru nilale kwao.

Ijumaa, 11 Agosti

Baada ya swala nimepiga simu kwa Houssen, kutoka kibanda cha simu. Hakuna lililonitoka kwa shida kama lile "asalamu alaikumu". Nilikuwa nimepanga kumweleza kwa kuzunguka, kama habari ya rafiki yangu fulani. Akanikatiza: kanda anayo. Ansoifa alimpelekea siku ile ile niliyoondoka, pamoja na maneno fulani kuhusu marashi na leso, ambayo Houssen hakutaka kuyarudia. Diski ameichoma, polepole, ameifunga, ameijaribu kwenye deki zote za studio na kwenye ile kongwe ya mama yake. Imeshapanda ndege na mtu anayekuja huku.

Nilitaka kumshukuru. Nikasema laini inakatika.

Jumamosi, 12 Agosti

Diski imefika. Haina stika. Jina la Zalifa kwa kalamu, na chini yake, kwa mwandiko wa Houssen: Picha, Allaoui. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi. Angeweza kuandika jina lake. Mimi ningeandika langu.

Imecheza mara ya kwanza, kwenye deki ya Bi Halimati, bila kuganda. Majirani wamerudi. Wamelia, wameimba, wamenisifu. Yeye alitazama hadi mwisho, mkono kwenye kioo cha televisheni kila Zalifa alipokaribia. Kisha akaniita.

"Nzuri," akasema. "Lakini pale mlangoni sijapaona."

Nikamkumbusha kwamba kamera ilikuwa imezimwa. Akasema basi niseme tena. Nikasema tena, mbele ya wote, na safari hii waliolia walilia zaidi.

Jumatano, 16 Agosti. Mahabibo

Nimerudi. Leso nimenunua mpya, si rangi ile, hali ya nyumbani ni ya wastani. Houssen amenikalisha kwenye kompyuta yake akanionyesha namna ya kuifunga diski. Rahisi, ila inachukua muda, unakaa unatazama mstari unajaa taratibu.

Lakini mimi nimetoka Nosy Be na jambo kubwa kuliko hilo. Watu hawataki picha. Watu wanataka kusimuliwa! Kuanzia leo, kila diski yangu itakuwa na sauti yangu ikieleza yote, mwanzo hadi mwisho. Houssen hana sauti nzuri. Amekwisha.

Nimeanza na sherehe ya tohara ya Katsepy, niliyoipiga mwezi uliopita. Usiku mzima nimesimulia. Nimewasimulia hata mbuzi. Asubuhi nimechoma diski kwa kasi yote, maana kivuko cha kwenda Katsepy hakimsubiri mtu. Mlangoni Ansoifa akauliza kama nimezifunga diski. Nikamwambia safari hii hakuna wasiwasi. Picha zikigoma kutokea, watasikiliza sauti.